Fanny Adams: jina la mtoto lililogeuka nyama ya kopo, kisha chombo, kisha patupu

Mwingereza akikuambia ameshinda ofisini akifanya "sweet FA", maana yake hakufanya lolote. Wengi wanaolitumia neno hilo wanaamini herufi hizo mbili ni tusi lililovishwa nguo: lile neno la herufi nne linaloanza na F, likifuatwa na "all". Hawajakosea kabisa, lakini wamefika mwisho wa hadithi wakadhani ndio mwanzo. F ni Fanny na A ni Adams. Na kabla jina hilo halijawa na maana ya "hakuna kitu", lilikuwa neno la mabaharia wa Jeshi la Majini la Uingereza kwa nyama ya kondoo ya kopo, chakula walichokula kwa sababu hakukuwa na kingine.

Misimu mingi ya lugha haina cheti cha kuzaliwa. Inasikika vinywani miaka thelathini kabla mtu hajaiandika, na anayekuja kuitafutia asili hubaki anabahatisha. Hili ni tofauti. Tunamjua mtu aliyekuwa na jina hilo, tunaijua siku aliyokufa, na tunayo kamusi iliyolinasa neno likiwa bado na maana ya chakula. Kwa hiyo tunaweza kufuata nyayo moja baada ya nyingine, na panapokosekana unyayo tukaona kuwa umekosekana.

Alton ni mji mdogo wa Hampshire, kusini mwa Uingereza, kama kilomita 45 kutoka bandari ya kijeshi ya Portsmouth. Ni nchi ya hopsi, mmea unaotambaa kwenye miti mirefu na ambao maua yake hutia bia uchungu. Jumamosi tarehe 24 Agosti 1867, Fanny Adams, mtoto wa miaka minane, alitoka kucheza na mdogo wake na rafiki yao. Karani mmoja wa ofisi ya wakili, Frederick Baker, aliwakuta njiani, akawapa wale wawili vijisenti waondoke, akamchukua Fanny kuelekea shamba la hopsi. Jioni walioingia kumtafuta walikuta amekwisha kuuawa na mwili umekatwa vipande, na kazi ya kuvikusanya haikuisha siku hiyo.

Kuna kipande cha kesi ambacho mtu wa lugha hawezi kukiruka. Katika shajara ya Baker, chini ya tarehe hiyo, palikuwa na sentensi fupi mbili za Kiingereza: "Killed a young girl. It was fine and hot." Upande wa mashtaka uliisoma ya kwanza kama ungamo: nimeua msichana mdogo. Wakili wake akadai ni habari tu ya siku hiyo, kwamba msichana mdogo ameuawa, na kwamba kukosekana kwa mkato baada ya "killed" hakumfanyi mwandishi kuwa muuaji. Kwa Kiswahili ubishi huo usingekuwapo hata dakika moja, kwa kuwa kitenzi chetu hubeba mtendaji kichwani: "nimeua" haiwezi kuwa "ameuawa". Kiingereza cha shajara hudondosha nafsi, na hapo ndipo wakili alipojaribu kupenya. Hakupenya. Baraza la wazee wa mahakama halikukaa muda mrefu, na Baker alinyongwa hadharani nje ya gereza la Winchester tarehe 24 Desemba 1867, mbele ya umati wa maelfu.

Habari ilijaa magazetini, na tungo za kuuzwa barabarani kwa karatasi moja moja zikaisambaza kwa wasiosoma magazeti. Mwaka 1874 watu walichanga fedha likawekwa jiwe kwenye kaburi la Alton, likitaja umri wake kamili, miaka minane na miezi minne. Wakati huohuo, bandarini, jina lake lilikuwa tayari limeanza kazi nyingine.

Sasa tuje kwenye kopo, maana bila kopo neno hili lisingezaliwa.

Baharia wa karne ya 19 alikula nyama ya chumvi: ng'ombe au nguruwe iliyolazwa kwenye mapipa, wakati mwingine kwa miaka. Kabla ya kupikwa ililowekwa kwenye maji baridi usiku kucha ipungue makali, na hata hivyo ilikuwa ngumu kiasi kwamba mabaharia waliiita "junk", jina la vipande vya kamba kuukuu. (Neno hilohilo ndilo lililokuja kuwa takataka, na leo linasimama mbele ya "food" kwa maana ya chakula cha ovyo. Kwa hiyo kamba ya meli imo ndani ya kila chipsi mayai inayolaaniwa na daktari.) Kopo lilipokuja lilikusudiwa kuwa ukombozi: nyama isiyo na chumvi, iliyokwisha kuiva, inayodumu.

Kiwanda cha kwanza cha makopo Uingereza kilikuwa Bermondsey, London, na tangu 1813 kilikuwa kikiuzia jeshi la majini. Utaratibu wake ulikuwa hivi. Nyama ilitolewa mifupa, ikakatwa vipande vinavyoweza kupangwa bila kuacha nafasi, ikajazwa kwenye kopo la chuma lililopakwa bati. Mfuniko ulilehemiwa kwa mkono, ukaachwa na tundu dogo katikati. Kopo lilizamishwa karibu lote kwenye maji ya moto. Mvuke ulipotoka kwenye tundu ulisukuma hewa nje, na fundi akaliziba kwa tone la lehemu hewa isirudi. Kisha likachemshwa tena. Baadaye mafundi walitia kloridi ya kalsiamu kwenye maji ya kuchemshia, maana maji yenye chumvi hiyo huchemka juu ya nyuzi 100. Makopo yalikaa kwenye chumba cha joto la nyuzi 32 hadi 43 kwa muda wa mwezi. Kopo zuri huwa na matumbo yaliyobonyea ndani kidogo. Lililovimba lina gesi, na gesi maana yake kuna kiumbe hai bado anakula humo.

Walijua dalili bila kujua ugonjwa. Kazi za Pasteur juu ya vijidudu zilikuwa bado kufanyika, na viwanda viliamini adui ni hewa yenyewe. Ndiyo maana kosa kubwa la miaka ya 1840 na 1850 lilikuwa la ukubwa wa kopo. Joto hupita polepole kwenye nyama iliyoshindiliwa. Kopo la ratili mbili huiva mpaka katikati. Kopo la ratili kumi, likichemshwa kwa muda uleule, hubaki na moyo wa uvuguvugu, na vijidudu vya pale hawahitaji hewa kuishi. Mwaka 1852 wakaguzi walifungua mamia ya makopo ya mzabuni Stephan Goldner kwenye ghala la jeshi la majini huko Gosport, ng'ambo tu ya bandari ya Portsmouth. Sehemu kubwa ilikuwa imeoza, na katika baadhi yalikutwa matumbo na viungo ambavyo mkataba haukuviruhusu. Jeshi likaamua kujifungia nyama lenyewe, na mwaka 1856 kiwanda chake kikaanza kazi Deptford.

Tarehe hizo mbili, 1852 na 1867, zisomwe pamoja. Baharia wa Portsmouth alikuwa na miaka kumi na mitano ya kujiuliza "humu ndani mna nini?" kabla ya mauaji ya Alton. Swali lilikuwa tayari mdomoni. Alton ilileta jibu la kikatili.

Viwanda vilivyotishwa na kashfa ya uozo vilikimbilia upande wa pili: kuchemsha kupita kiasi. Nyama ya kondoo iliyoanza kugawiwa mabaharia karibu na mwaka 1867 haikuwa imeoza, ilikuwa imekufa mara ya pili. Ukiichemsha nyama kwa saa nyingi, tando zinazoshika nyuzi zake huyeyuka zikawa ute, nyuzi zikaachana zikawa kama uzi wa gunia, na mafuta yakajitenga yakaelea juu. Mafuta ya kondoo ndiyo mabaya zaidi kwa kazi hiyo. Huganda kwenye joto ambalo mafuta ya nguruwe bado ni laini, kwa hiyo nyama isipokuwa ya moto kabisa hushika kwenye kaakaa kama mshumaa. Aliyewahi kula mabaki ya supu ya kondoo asubuhi bila kuyapasha anajua. Basi fikiria kopo lililopasuliwa sitahani kwenye upepo: tabaka jeupe la shahamu juu, chini yake ute, na ndani ya ute vipande vya nyama visivyo na umbo la kiungo chochote unachokijua.

Hapo ndipo mtu mmoja, ambaye hatutamjua kamwe, alitazama ndani ya kopo na kumtaja Fanny Adams.

Utani ni mbaya, na sioni sababu ya kuupamba. Lakini uliwakaa mabaharia kwa sababu unafanana na kitu mara tatu: vipande vilivyokatwa bila mpango, kitu kilichofichwa kikapatikana, na shaka ya zamani juu ya kilichomo ndani. Kamusi ya misimu ya Barrère na Leland ya mwaka 1889 inaliweka jina hili kama neno la majini kwa nyama ya kondoo ya kopo. Miaka ishirini na miwili baada ya mauaji, mtunga kamusi analikuta limetulia, halihitaji kuelezwa kwa wanaolitumia.

Je, huenda ni sadfa, jina tu lililookotwa? Kuna kipimo kizuri. Mwezi Septemba 1874 mfanyabiashara wa brashi huko Whitechapel, London, Henry Wainwright, alimuua mwanamke aliyeitwa Harriet Lane, akamzika chini ya sakafu ya ghala, na mwaka mmoja baadaye akakamatwa akijaribu kuuhamisha mwili uliokwisha kukatwa vipande. Alinyongwa tarehe 21 Desemba 1875. Muda si muda, mabaharia wa meli za biashara wakawa na jina lao la nyama ya kopo: Harriet Lane. Makundi mawili ya mabaharia, kesi mbili, kalibu moja. Baharia wa jeshi alikula Fanny Adams, baharia wa biashara akala Harriet Lane, na hakuna aliyehitaji kumuiga mwenzake. Chakula kilekile kikileta shaka ileile kilitafuta marehemu wa karibu.

Harriet Lane anatusaidia tena mbele kidogo.

Hatua ya pili ya neno ni ya chombo, na mara nyingi waandishi huiruka kwa sababu haina damu. Melini watu walikula kwa vikundi, kila kikundi na meza yake kati ya mizinga. Tukiita vikoa hatutakuwa mbali, maana kila kikoa kilichukua posho yake kwa pamoja na mmoja akawa mpishi wa zamu. Yeye aliandaa chakula, akakipeleka jiko kuu kupikwa, kisha akakirudisha. Alihitaji chombo cha kubebea, na kopo kubwa la nyama lililokwisha ni chombo kizuri: likitobolewa masikio mawili na kutiwa waya, ni ndoo. Hakuna mtu wa Afrika Mashariki anayehitaji kuelezwa maisha ya pili ya kopo. Kibatari, pishi ya mchele na ndoo ya kisima vyote vimeanzia hapo. Mabaharia wakaliita kopo hilo "fanny", bila Adams, na jina likahamia kwenye vyombo vya kiwandani vilivyolirithi. Kulikuwa na fanny ya chai, na maarufu kuliko zote fanny ya ramu: chombo ambacho mwakilishi wa kikoa alikwenda nacho kuchukua posho ya pombe, mililita 71 kwa kila mtu, iliyochanganywa na maji mara mbili yake kwa mabaharia wa vyeo vya chini. Posho hiyo ilifutwa tarehe 31 Julai 1970, kwa hiyo hadi siku hiyo jina la mtoto wa Alton lilikuwa bado linapita mkononi.

Wengi wao hawakumjua. Neno likishafaa kazini halimuulizi mtumiaji historia. Anayeshuka Kariakoo kununua vitenge hasikii ndani ya jina hilo Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza ambao maelfu yao hawakurudi. Anasikia soko.

Hatua ya tatu, ya "hakuna kitu", ndiyo yenye ubishi. Inaonekana kwenye karne ya 20, na katika Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imekwisha kuenea kwa wanajeshi wa nchi kavu pia. Maelezo ya haraka ni kwamba nyama ilikuwa haifai kitu, kwa hiyo jina lake likawa "si kitu". Yanawezekana, ndiyo njia iliyopitwa na "junk". Lakini yakiwa peke yake hayatoshi, na hapa ndipo Harriet Lane anapotoa ushahidi. Naye alikuwa nyama ileile isiyofaa, kwa watu wa kazi ileile, kwa miaka mingi. Mbona hakuna Mwingereza anayesema amefanya "sweet HL"? Kwa sababu H na L hazifichi chochote. F na A zinaficha. Tusi lililomaanisha "hakuna kabisa" lilihitaji kivuli cha kusemwa mbele ya afisa au mama mkwe, na palikuwa na jina tayari, la majini, lenye herufi zilezile na lenye harufu ya kitu kisicho na thamani. Tusi likaingia ndani ya jina kama kaa-mtawa anavyoingia ndani ya kombe tupu.

Kwa hiyo anayesema FA ni tusi yuko sahihi juu ya injini, na anayesema ni Fanny Adams yuko sahihi juu ya mwili wa gari. Kosa ni kudai kwamba jina lilibuniwa ili kufunika tusi. Chakula kilitangulia, na kamusi ya 1889 inalithibitisha hilo. "Sweet" iliyowekwa mbele ni kejeli ya Kiingereza ya kawaida, kama sisi tunavyosema "hongera" kwa aliyeangusha sahani.

Madai mengine mawili yanapaswa kuwekwa pembeni. Moja ni kwamba mabaharia waliamini kweli vipande vya mtoto vimo ndani ya makopo. Utani huhitaji pande zote mbili kujua kuwa si kweli, anayeamini hawezi kula. La pili ni kulihusisha jina na "fanny" ya mtaani, ambayo kwa Waingereza ni sehemu ya siri ya mwanamke na kwa Wamarekani ni makalio. Huo ni mto mwingine, ulikuwapo kabla ya 1867. Umeongeza vicheko, haujazaa neno.

Kwa mfasiri, shida ni kwamba maana zote tatu zinaweza kumjia kwenye kitabu kimoja cha baharia mstaafu. Atazame kitenzi na kipimo. Pakiwa na "a fanny of", chombo kimefika: andika kopo la chai, au kibati cha ramu, na usihangaike kulihifadhi jina. Pakiwa na kufanya, kujua au kupata, na "sweet" mbele, ni patupu, na Kiswahili kina hazina: "amefanya hola", "ametoka kapa", "hana hata ndururu". Kwa "knows sweet FA" ningechukua "hajui alifu wala be" kuliko kitu chochote chenye neno sifuri. Ukali nao upimwe. "Sweet FA" husemwa mezani mbele ya watoto bila mtu kukohoa, kwa hiyo tusi la Kiswahili likiwekwa hapo litakuwa limevua nguo ambayo Kiingereza kimeivaa kwa makusudi.

Maana ya kwanza ndiyo inayoangushwa zaidi. Mwandishi wa miaka ya 1890 akisema kikoa chao kilipata Fanny Adams siku tatu mfululizo, mfasiri anayejua maana ya leo ataandika kwamba walishinda njaa siku tatu. Hawakushinda njaa. Walikula siku zote tatu, na hicho ndicho alichokuwa analalamikia.